Mkate wa kumimina unazama katikati: tatizo ni unga au moto?

Mtoto_wa_Ng'ambo

Asalaam aleikum wajuzi wa jikoni. Naomba msaada wa mkate wa kumimina.

Vipimo ninavyotumia: vikombe 2 vya mchele wa mapembe uliolala majini usiku kucha, vikombe 2 vya tui, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko kimoja na nusu cha chai cha hamira ya chengachenga, nusu kijiko cha iliki na ute wa yai moja. Vyote vinaingia kwenye blenda pamoja, khalafu unga unaachwa masaa matatu. Unaumuka vizuri tu, bakuli linajaa. Napikia sufuria ya kawaida juu ya jiko la gesi, moto mdogo, na mfuniko juu.

Pembeni mkate unapanda na kushika rangi. Katikati unazama. Ukiukata, chini kuna utepe mweupe ulioshikamana, hauna tundu hata moja, na juu yake kuna matundu makubwa makubwa. Ladha nayo ina uchachu kidogo.

Nauliza mambo matatu. Kuzama huku kunatokana na unga au na moto? Kwenye gesi, bila ya kupalia makaa juu, mkate unaivaje sehemu ya juu? Na sukari ni bora iingie mwanzo au mwisho? Jikoni kila mmoja ana lake kwenye hili la sukari.

Kasimele

Waaleikum salaam. Kwa vipimo hivyo anza na tui, moto utafuata.

Vikombe viwili vya mchele ni karibu gramu 400. Ukilala majini hunywa kiasi cha mililita 120, na hayo maji yamo ndani ya punje, huyaoni lakini yanahesabika. Ukitia tena vikombe viwili kamili vya tui, unga unakuwa mwepesi mno. Mchele hauna gluteni. Unga wa ngano una utando unaovutika na kuikamata hewa, mchele hauna kitu hicho. Vipovu vya hamira vinashikiliwa na uzito wa unga peke yake, mpaka joto lifike wanga uive na kushikana, karibu na nyuzi 70 au zaidi kidogo kutegemea aina ya mchele. Unga ukiwa mwepesi, vipovu vinaungana vikawa vikubwa, vinapanda juu na kupasuka, na mchele wenyewe unatuama. Ule utepe mweupe wa chini ndio huo mchele uliotuama.

Kwa hiyo: mchele ukishalala, mwaga maji, uweke kwenye chujio dakika 15 mpaka uache kudondosha. Tui liwe kasimele, lile la mkamuo wa mwanzo, mililita 300 na si zaidi. Nazi mbili za wastani zilizokomaa zinatosha, ukichujia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu. Usichukue koroma, nazi ambayo bado haijakomaa sawasawa. Tui lake ni jepesi, mafuta machache, mkate unatoka mkavu na hauna harufu ya nazi. Tia tui robo tatu kwanza, saga, khalafu malizia kidogo kidogo ukiutazama unga. Unga mzuri ukiuchota kwa upawa na kuumimina unashuka bila ya kukatika, na alama yake inabaki juu kwa kuhesabu mpaka tatu ndipo inapotea. Ikipotea papo hapo, umeshazidisha tui. Dawa yake ni kusaga mchele mwengine uliolala ukaongeza. Usitie unga wa ngano, utapata mkate mwengine kabisa.

Saga mpaka ukiusugua baina ya vidole usisikie punje. Chenga zinazobaki ni nzito, nazo zinakwenda chini. Lakini blenda ikizunguka muda mrefu inaupasha unga moto, na hamira inaanza kufa joto likifika nyuzi 55 hivi. Ndiyo maana hamira haifai kuingia mwanzo. Saga mchele na tui na iliki, pumzisha blenda kila dakika moja, gusa unga. Ukiwa vuguvugu tu, tia hamira, zungusha sekunde tano, basi.

Sasa muda. Kijiko kimoja na nusu cha hamira kwa masaa matatu, kwa joto letu hili, ni kingi na ni muda mrefu. Unga wa mchele ukishafika kilele chake hausubiri. Kijiko kimoja cha chai, gramu 3, kinatosha, na dakika 45 mpaka saa moja. Utazame unga wenyewe: juu umejaa vipovu vidogo na umetuna katikati. Ukiona katikati umeanza kubonyea, hewa imeshaanza kutoka, na ule uchachu uliouonja umeanzia hapo. Tui nalo halivumilii joto, linachacha haraka kuliko mchele.

Ute wa yai usiusage pamoja na mengine. Upige peke yake mpaka ufanye povu laini, uingize mwisho kwa mwiko, ukigeuza kutoka chini kwenda juu, taratibu. Protini ya ute inaanza kushikana karibu na nyuzi 60, kabla ya wanga, kwa hiyo inauzuia mkate wakati ule ambao bado haujajiweza. Kiini acha. Mafuta yake yanaua povu.

Sukari mimi natia mwisho, unga ukishaumuka, muda mfupi kabla ya ute. Sukari nyingi inaichelewesha hamira.

Seredani_Wete

Kasimele kaeleza unga ipasavyo, mimi nijibu moto, kwa sababu hata unga sahihi utazama ukipikwa na moto wa gesi ulivyo.

Sufuria nyembamba ya alumini juu ya gesi inapata moto kwa duara, pale miale inapogusa. Pembeni kunaiva haraka, kunashika, katikati kunabaki nyuma. Weka chuma cha chapati juu ya jiko kwanza, kipate moto dakika tano, ndipo sufuria ikae juu yake. Joto linasambaa sawa chini yote. Kwa gramu 400 za mchele chukua sufuria ya upana wa sentimita 22. Unga ulioumuka utasimama karibu sentimita 4, na huo ndio urefu mzuri. Ukitia kwenye sufuria ndogo ukafika sentimita 6 au 7, nje utaungua na ndani utabaki mbichi, hapana ujanja.

Sufuria iwe na moto kabla ya kumimina. Paka samli chini na pembeni, safu nyembamba. Mimina unga uusikie unalia kidogo tu. Ukilia sana moto umezidi, na utapata shimo chini ya mkate, maana mvuke wa chini unatafuta njia ya kutokea na juu kumeshajifunga.

Halafu huo mfuniko. Mvuke unapanda, unagusa bati la baridi, unadondoka maji juu ya mkate, na mengi yanadondoka katikati. Mkate ambao bado haujashikana ukipokea maji lazima uzame. Ufunge mfuniko kwa kitambaa kikavu cha pamba, pembe zake zikazwe juu ya kishikio zisifike kwenye moto. Moto mdogo kabisa, dakika 12 mpaka 15, bila ya kufunua. Kila ukifunua, hewa baridi inaingia, vipovu vinasinyaa. Utaujua umefika pale matundu ya juu yanapobaki wazi, hayajifungi tena, na ukingo umeanza kuachana na sufuria. Kama pembeni ni pakavu na katikati bado panang'aa maji, uachie dakika tatu nne nyengine.

Sehemu ya juu sasa. Mwenye oveni aiwashe mapema, nyuzi 180, aingize sufuria nzima kwenye rafu ya kati, dakika 15 mpaka 20, mpaka juu pashike rangi ya dhahabu. Angalia vishikio visiwe vya plastiki. Asiyekuwa na oveni anaweza kuazima makaa machache tu: kwenye seredani (jiko la makaa) yanakolea, yanapaliwa juu ya sinia la bati lililofunika sufuria. Hapo kitambaa kiondolewe kabisa. Kwa kawaida tukipikia makaa matupu, ya chini ni machache na ya juu ni mengi, na yale ya juu yapangwe pembeni zaidi kuliko katikati ili juu pasiungue kabla ya ndani kuiva.

Kuna wanaougeuza mkate kwenye sufuria ya pili yenye samli. Inawezekana ikiwa juu pameshakauka kabisa, lakini uzuri wa mkate wa kumimina ni ule uso wake, na ukiugeuza yale matundu unayakandamiza. Mimi siupendi mkate uliogeuzwa.

Choma kijiti kikavu katikati, kitoke bila unga. Khalafu uache upoe ndani ya sufuria dakika 10, utoe, uache tena nusu saa ndipo ukate. Wanga wa mchele unaendelea kukaza ukipoa. Ukiukata wa moto utadhani mbichi, kisu kinatoka na ute, kumbe umeiva. Mikate mingi inarudishwa motoni bure kwa sababu hiyo, inakauka.

Ummu_Nassir

Nawapa heshima zenu wote wawili, lakini kwenye sukari sikubaliani na Kasimele.

Sukari ikiyeyuka inaufanya unga kuwa mwepesi. Ukipima uzito wa unga bila ya sukari, ukasema sawa, ukauacha umuke, khalafu ukaja kutia robo tatu ya kikombe, gramu 150, unga unalegea pale pale wakati uko karibu kuumimina. Na ili iyeyuke unalazimika kukoroga, na kila ukikoroga unatoa hewa uliyoisubiri saa nzima. Kwa mtu ambaye mkate wake unazama, hili ni la kwanza kuliacha.

Sukari yote iingie kwenye kusaga, pamoja na mchele na tui. Unga unaoupima kwa upawa uwe ni ule utakaouingiza sufuriani. Ni kweli hamira itakwenda polepole, basi subiri saa moja na nusu badala ya saa moja, ukitazama vile vipovu alivyosema. Sukari iliyoyeyuka mapema inaleta na rangi sawasawa juu. Ile ya mwisho ikibaki chenga inashuka chini, inaungua, inashika sufuria.

Lakini msizidishe. Sukari inaupandisha ule moto ambao wanga unahitaji ili ushikane, kwa hiyo mkate mtamu sana unachelewa kuiva ndani hali ya kuwa nje umeshafanya rangi. Gramu 150 kwa mchele huo ni mwisho. Kama mkate utaliwa na mchuzi, gramu 100 zinatosha, na ladha ya iliki na nazi inasikika vizuri zaidi.

Jengine: mchele wenyewe. Mapembe haina neno. Basmati inafaa pia, mkate unasimama vizuri ila unakauka siku ya pili. Usitumie ule mchele unaochemshwa na maganda yake kabla ya kukobolewa, wanga wake umeshaiva mara moja, ni mgumu kulainika na kusagika. Na mchele mpya unaonata unatoa mkate mzito wenye utelezi.

Anayetumia unga wa mchele wa dukani afanye hivi. Achukue vijiko vitatu vikubwa vya unga huo, apike uji mzito na robo kikombe cha tui jepesi, aupoze mpaka uwe vuguvugu, auchanganye na unga uliobaki na kasimele. Uji huo unashikilia maji na kuufanya mchanganyiko usituame. Autulize saa moja kabla ya hamira, kwa sababu unga mkavu unachelewa kunywa tui, na asipofanya hivyo utajidai mwepesi mwanzo, baadaye mzito.

Kasimele

Ummu Nassir, kwa mwenye kuanza hoja yako nimeikubali: apime unga na sukari imo. Kwa anayejua kuutengeneza mzito kidogo tangu mwanzo ili sukari iulegeze kwa kipimo, njia ya mwisho inampa unga unaoumuka mapema, na kwenye futari huo muda una thamani yake. Lakini hapo sukari isagwe iwe laini, isiingie ya chenga.

Mtoto_wa_Ng'ambo

Shukran sana, Mungu awalipe. Nimefahamu: mchele uchujwe, tui 300, hamira kijiko kimoja na iingie mwisho wa kusaga, sukari mwanzo, ute kwa mwiko, chuma cha chapati chini, kitambaa kwenye mfuniko.

Mawili yamebaki. Tui la kopo linafaa nazi zikipanda bei? Na unga unaweza kusagwa usiku ukapikwa siku ya pili?

Seredani_Wete

La kopo linafaa, ila soma ubavuni. Mengi yana vitu vya kuyafanya mazito, kwa hiyo uzito wa tui lenyewe utakudanganya. Likoroge, chukua mililita 250 na maji 50, khalafu rudi kwenye kipimo cha upawa. Ikiwa limeandikwa mafuta machache, liache. Iliki ongeza kidogo, maana harufu ya nazi ya kopo ni hafifu.

Kusaga usiku inawezekana kwa mchele na tui na iliki tu, ndani ya friji. Hamira, sukari na ute visiingie. Asubuhi utoe unga ukae nje mpaka ubaridi umalizike, karibu saa nzima, ukoroge maana mchele utakuwa umetuama na mafuta ya nazi yameganda juu. Yakibaki madonge, weka bakuli ndani ya maji ya vuguvugu, usilipeleke motoni. Ukishakuwa laini, tia sukari ikoroge iyeyuke, pima kwa upawa, ndipo hamira. Umeme ukikatika usiku na friji likapoteza ubaridi, unuse kwanza. Tui lililochacha hata iliki haiwezi kulifunika.