Hilux ya Uingereza, D-Max ya Nairobi au Mchina mpya? Nabeba kayabo (samaki wa chumvi), naombeni ushauri

KayaboWaKirumba
Mwangaluka wakuu. Nanunua kayabo huko Buchosa, nashusha soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Miaka minne nakodi gari, na nikipiga hesabu naona faida anakula mwenye gari. Sasa nimejikusanya, nataka pikapu yangu.

Kuna Hilux Vigo ya 2010, dizeli 3.0, dabo kebini, mtumba wa Uingereza, iko yadi hapa mjini. Mita inasoma 118,000 tu. Shemeji yangu wa Kisumu kanitafutia Isuzu D-Max iliyounganishwa Nairobi, yeye anaiita "gari la nyumbani". Na kuna Mchina mpya kabisa, zero kilomita, na waranti juu. Bei hazipishani sana. Ipi itanizika mapema?

Bwiru_Boy
Toyota. Funga uzi.

MzeeWaBusisi
Usifunge. Kijana, Hilux nyingi tunazoziona huku hazikutengenezwa Japani, zinatoka Thailand na Durban. Ford Ranger naye anaitwa Mmarekani wakati anaundwa Pretoria. Kwa hiyo hayo maneno ya Mjapani na Mmarekani mengi ni nembo ya mbele tu. Gari la nyumbani hasa ninalolijua mimi ni Nyumbu la Kibaha, na hilo lilikuwa lori la jeshi, hutalikuta yadi.

FundiNyakato
Mkuu, hiyo mita ya Vigo umeiangalia vizuri? Gari la Uingereza linasoma maili. 118,000 hapo ni kama kilomita 190,000. Injini ya 3.0 hiyo ni 1KD, inatumia mkanda wa taiming, na kilomita 150,000 zikifika unatakiwa uwe umebadilishwa. Omba risiti. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.

La pili, nozeli. Washa zake za shaba zikianza kuvujisha, masizi yanashuka kwenye oili, chujio la ndani ya sampu (karai la oili chini ya injini) linaziba, injini inakosa oili huku wewe unakanyaga mafuta. Fundi asiyeijua atakuuzia injini nzima. Fungua sampu uangalie kabla hujalipa, ni kazi ya nusu siku.

La tatu ndilo kubwa kwako. Uingereza wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Chesisi inakunywa chumvi hiyo miaka kumi, halafu inakuja kwako ubebe chumvi nyingine! Ukikuta chini imepakwa rangi nyeusi mbichi, jiulize inaficha nini. Nenda na nyundo ndogo, gonga kuanzia kebini hadi nyuma, hasa pale springi zinaposhikia. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe bovu.

MamaDagaa
Fundi kasema kweli kuhusu chumvi. Watu wanalisingizia ziwa, ziwa maji baridi lile, halina ubaya. Mimi mwanzoni nilibebea kayabo kwenye pikapu ya marehemu mume wangu, maji ya chumvi yakawa yanachuruzika kwenye viungo vya bodi. Mwaka wa pili sakafu ikatoboka, nikawa naona lami. Siku hizi natandika turubai zito linalopanda mpaka kingo, na jioni gari linaoshwa chini kwa presha, hata kama nimechoka. Halafu mdogo wangu, dabo kebini ya nini? Bodi lake fupi, utabeba abiria au samaki?

KayaboWaKirumba
Dah, maili sikuziwaza kabisa. Na huyu Mchina je?

Igoma_Dereva
Niliendesha mmoja wa bosi, silitaji jina. Lilikuwa tamu, AC baridi mpaka unavaa koti. Klachi ikaisha, tukasubiri spea kutoka Dar wiki tatu, mzigo ukahamia kwa watu wengine. Lakini sio wote sawa. Foton Tunland zilikuja na injini ya Cummins, hiyo inaeleweka. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: pampu ya klachi iko Mwanza leo? Kama anapiga simu kwanza, umeshajibiwa.

FundiNyakato
D-Max kama ni yenye injini ya 4JJ1, ile inatumia cheni, hiyo habari ya mkanda huna. Spea zinapatikana. Ila usiamini kwamba kuunganishwa Nairobi maana yake inapita mpakani Sirari bure. Waulize forodha kwanza, shemeji baadaye.

KayaboWaKirumba
Mrejesho. Jana nilienda yadi na nyundo. Muuzaji alipoiona tu akasema gari lina mtu ameshalilipia. Nikauliza tangu lini, akasema tangu asubuhi. Leo nimepita, bado lipo na bei imeshuka milioni mbili. Alhamisi nitakuwa Sirari. Mama, hilo turubai unanunua wapi?

MamaDagaa
Njoo Mwaloni asubuhi, nitakuonyesha. Uje na vipimo vya bodi.