STM32F103 haiamki asubuhi shambani, ukibonyeza riseti inaamka

Kipima_Uyole
Wakuu, habari za kazi. Tuna bodi tatu za mikrokontrola STM32F103C8 zinazopima unyevu wa udongo kwenye viazi kule Uporoto. Kila moja ina betri moja ya 18650, sola ndogo ya volti 5, chaja ya TP4056 yenye ulinzi, kidhibiti volti AMS1117-3.3 na kadi ya SD. Betri ikiisha usiku, ulinzi unakata. Jua likitoka chaji inaingia, lakini bodi A na B zinakaa kimya mpaka mtu abonyeze riseti. Bodi C hata riseti haiisaidii. Inafanya kazi pale tu ST-Link (programa ya kupakia kodi) imechomekwa na programu inaendeshwa kutoka kwenye kompyuta. C ina toleo la majaribio lenye printf (amri ya kuchapisha maandishi). Pini za BOOT0 (zinazochagua chipu ianzie wapi) zote zimeshushwa GND kwa rezista ya kilo-omu 10. Je, ni baridi hii ya Julai?

Fundi_Mwanjelwa
Mkuu, hapo una magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Baridi iondoe kwenye orodha: chipu hiyo imepimwa hadi nyuzi -40. Anayeumia kwa baridi ni betri, na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0.

A na B: angalia volti. Ulinzi unarudisha umeme betri ikifika karibu volti 3. AMS1117 inakula takriban volti 1, kwa hiyo kwenye pini ya 3V3 unapata kama volti 2. Chipu yenyewe inajiachia kutoka riseti kwenye 1.9 hivi, ikaanza kazi kihalali kabisa. Kadi ya SD inataka angalau 2.7. Programu inaita kadi, kadi haijibu, unaingia Error_Handler (kodi ya kushughulikia makosa), ambayo kama ilivyotoka CubeMX (zana ya kuandaa kodi ya STM32) inazima interapti na kuzunguka milele. Volti zikipanda baadaye hakuna wa kuitoa humo ila kidole chako. Mezani huoni hili kwa sababu umeme unapanda ghafla hadi 3.3.

Toa AMS1117, weka MCP1700-3302 yenye kapasita ya mikrofaradi 1 kila upande. Angalia mpangilio wa miguu, haufanani. Kisha funga MAX803S kwenye NRST (pini ya riseti): inashikilia riseti mpaka volti zivuke 2.93, halafu inasubiri angalau milisekunde 140 ndipo iachie. Usichukue MAX809. Hiyo inasukuma juu kwa nguvu, wakati STM32 yenyewe huvuta NRST chini inapojiriseti, zitagombana.

Kihesa_Saketi
Kuhusu C, nina uhakika karibu wote ni semihosting, yaani chipu kuchapisha kupitia kompyuta iliyounganishwa. Tafuta `--specs=rdimon.specs` kwenye linka na `initialise_monitor_handles()` kwenye kodi. Printf ya namna hiyo inatekeleza BKPT 0xAB ikitegemea kompyuta ijibu. Programa isipokuwepo, unaangukia HardFault (kosa linaloisimamisha programu). Weka `nosys.specs`, andika `_write` yako ipeleke herufi kwenye UART (mlango wa serial).

Ukitaka kuthibitisha kwamba chipu inaamka, washa taa ya PC13 mwanzoni kabisa mwa Reset_Handler (kodi ya kwanza kuendeshwa baada ya riseti). Wakati huo unatumia HSI (saa ya ndani ya chipu) ya MHz 8, huhitaji kristali wala PLL (kizidisha saa). Washa saa ya GPIOC (biti 4 ya RCC_APB2ENR), fanya PC13 iwe ya kutoa, basi: ODR (rejista ya kutoa) ni 0 baada ya riseti na taa hiyo huwaka kwa sifuri. Usitumie kigeu chochote cha jumla hapo, maana .data (vigeu vyenye thamani ya mwanzo) haijanakiliwa kutoka flashi wala .bss (vigeu vinavyoanza na sifuri) haijafutwa. Ulichoandika humo kitafutwa hatua inayofuata, na utatafuta kosa siku nzima.

Taa ikigoma, soma maneno mawili ya kwanza ya flashi, 0x08000000. La kwanza ni kilele cha staki, kwa kawaida 0x20005000 kwa RAM ya KB 20. La pili ni anwani ya Reset_Handler na lazima iwe witiri.

Kipima_Uyole
Asanteni sana. Nimepima A: betri 3.1, pini ya 3V3 inasoma 2.1. C imeamka bila programa baada ya kuondoa rdimon. Wakati nasubiri MAX803S, naweza kujikinga kwa programu?

Fundi_Mwanjelwa
Unaweza. Washa PVD (kipima volti cha ndani ya chipu) kwenye kiwango cha 2.9 na usiiguse SD mpaka PVDO (biti ya jibu lake) iwe 0, yaani volti zimevuka kiwango hicho. Error_Handler ibadilishe iite NVIC_SystemReset, inayoriseti chipu. Mwanzoni mwa main hifadhi RCC_CSR (rejista ya sababu za riseti) kabla ya kuifuta kwa biti ya RMVF: biti 27 ni umeme kuwaka, 28 programu, 29 IWDG (mlinzi anayeriseti chipu programu ikiganda). Biti 26 (pini ya riseti) usiitegemee, inajiwasha kwa kila riseti.

Ukiongeza IWDG, kumbuka ikishawashwa haizimiki, na inaendelea kuhesabu hata kwenye Stop (hali ya usingizi). Kigawanyo 256 na hesabu 4095 kwa saa ya kHz 40 ni sekunde 26 hivi. Bodi inayolala dakika 10 itajiriseti usingizini, kwa hiyo iamshe kwa RTC (saa ya kalenda ya chipu) kila sekunde 15, uanzishe hesabu upya, ilale tena. Saa hiyo ya kHz 40 inayumba sana, usikaribie 26.