Kazi za muziki zikikatika ghafla kama 2020: tupeane uzoefu (Mbeya, Iringa, Njombe)

Mwanzisha mada, Mbeya mjini
Wakuu, uzi huu ni wa wanaokula kwa jukwaa: bendi za harusi, wapiga kinanda wa kwaya, mafundi mitambo, wenye spika za kukodisha. Tarehe 16 Machi 2020 ndipo mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alipotangazwa, na kesho yake Serikali ikafunga shule na kusimamisha mikusanyiko, matamasha ya muziki yakiwemo. Ibada ziliendelea. Kwa huku nyanda za juu pigo lilikuja wakati mbaya zaidi, maana harusi nyingi husubiri mavuno, Juni kwenda Oktoba, na Kwaresima ndoa za kanisani husimama. Machi mwanamuziki ameshakula akiba yote, jicho liko kwenye Pasaka. Pasaka ya mwaka ule iliangukia 12 Aprili na hakuna aliyepiga hata sherehe ya ubatizo.

Uingereza shirika la Help Musicians liligawa paundi 500 kwa mwanamuziki. Sisi tulibaki na daftari na vyombo vyetu. Kwa hiyo toeni mbinu, vipimo na kinachoharibika. Vilio tumeshasoma vya kutosha.

Katibu wa bendi, Iringa mjini
Anzeni na advansi (hela ya kutanguliza), ndipo ugomvi unapoanzia. Siku ya kwanza tu fungua daftari, andika kila shughuli iliyolipiwa: tarehe, kiasi kilichoingia, kiasi kilichobaki, na nani kwenye kamati alitoa hela. Huyo mtoa hela ndiye wa kuongea naye. Mkishaanza kuongea na mwenyekiti, mweka hazina na shangazi wa bibi harusi kwa pamoja, kila mmoja ataondoka na makubaliano yake.

Usisubiri wapige wao. Kamati inayopigiwa simu mapema hukubali kuahirisha; inayokutafuta wiki mbili bila kukupata hudai hela yake. Mkishaelewana kwa mdomo, tuma ujumbe hapohapo. Mfano: "Tumepokea sh. 300,000 kati ya 800,000. Shughuli ya 18 Aprili imeahirishwa. Fedha inabaki kuwa malipo ya tarehe mpya mtakayochagua kabla ya 31 Oktoba. Bei ni ileile. Jibu NDIYO." Neno hilo moja likijibiwa limeshakuwa ushahidi.

Kukwama kunakuja Julai. Harusi tatu zilizoahirishwa zote zinataka Jumamosi moja, kwa sababu ukumbi nao umefunguka siku hiyo. Kanuni iwe moja na muitaje mapema: haki ya kwanza ni ya aliyetanguliza advansi, si aliyewahi kupiga simu. Wa pili mpe Ijumaa au Jumapili na punguzo la asilimia 10, au mtafutie bendi mbadala na umkabidhi hela yake yote.

Wakitaka kurudishiwa, kata kile tu chenye risiti: mafuta, nauli, sare zilizoshonwa. Na hapa tuambizane ukweli, bendi nyingi hazirudishi kwa sababu advansi ya harusi ya Aprili ndiyo iliyolipa deni la Februari. Dawa yake ni kugawa malipo: asilimia 30 ya kushika tarehe, 40 wiki moja kabla, 30 kabla ya kupanda jukwaani. Ile 30 ya kwanza isiguswe mpaka zibaki siku saba. Ikae kwenye laini ya simu ambayo namba ya siri anayo mtu mmoja na laini yenyewe anayo mwingine.

Mkataba mpya uongezwe sentensi hii: "Iwapo mamlaka ya Serikali itazuia mikusanyiko, shughuli itaahirishwa bila faini kwa upande wowote, na advansi itatumika ndani ya miezi 12."

Fundi vyombo, Tukuyu
Vyombo visivyopigwa miezi mitatu huharibika kuliko vinavyopigwa kila wiki, na Rungwe ndiyo kabisa. Huku maeneo mengine yanapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na sehemu kubwa yake inashuka Machi mpaka Mei, miezi ileile kazi zilipokatika.

Gitaa: legeza nyuzi kwa nusu toni hadi toni moja, basi. Anayelegeza zote kabisa anauacha mti wa shingo ukivutwa na chuma cha ndani peke yake, shingo inapinda kinyume, na siku ukizirudisha nyuzi zinagonga vyuma vya juu. Tia kwenye boksi lake pamoja na vile vifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kumi au zaidi. Boksi lisikae kwenye sakafu ya saruji wala kuegemea ukuta. Weka mbao chini, acha nafasi ya kiganja nyuma. Na lisipelekwe jikoni eti kuna joto. Kule gitaa kavu (lisilo la umeme) hupasuka uso, moshi nao unaganda kwenye nyuzi.

Kinanda: washa saa moja kila wiki mbili. Joto lake lenyewe hufukuza unyevu. Ukishawasha, zungusha kila kitufe cha sauti mara ishirini kwenda na kurudi, la sivyo vitaanza kukwaruza. Kinanda kifunike kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hukusanya maji kwa ndani asubuhi ya baridi.

Maiki zisizo na waya: toa betri. Hili watu wanalidharau. Betri ndogo ikivuja, ile chumvi nyeupe inakula springi, na maiki nzima inakufa kwa betri ya mia chache. Ikishavuja, sugua kwa pamba yenye matone mawili ya siki, futa kwa spiriti, acha ikauke siku nzima kabla ya kuweka betri nyingine.

Ngoma za ngozi zisifungwe kwenye plastiki. Dakika ishirini za jua la asubuhi zinatosha. Moto wa kuni unakausha upande mmoja tu na ngozi inachanika ukingoni.

Mwenye mitambo, Makambako
Nyongeza kwa fundi. Jenereta ndiyo hufa kwanza. Petroli ikikaa ndani ya kabureta inageuka gundi na kuziba kitundu kidogo cha mafuta. Kabla ya kulihifadhi funga koki ya mafuta, acha lizunguke mpaka lizime lenyewe, kisha legeza skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta umwage kilichobaki. Kila mwezi liwashe dakika 15 likiwa limebeba mzigo, hata pasi na taa mbili. Kuliwasha tupu hakusaidii sana.

Betri ya gari inayoendesha amplifaya: pima ikiwa imepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 kwenda juu imejaa. Chini ya 12.4 ichaji leo, usisubiri kesho. Ikiachwa chini ya 12 kwa mwezi, sahani zake hushika ukoko na chaji hairudi tena hata uende kwa fundi gani.

Panya wanapenda soponji ya ndani ya spika kuliko mahindi. Ziba tundu la hewa kwa wavu wa dirisha na gundi ya karatasi.

Mpiga solo, Mwanjelwa
Yote sawa wakuu, lakini mtu amekwama na kodi ya nyumba. Kuuza je?

Mwenye mitambo, Makambako
Usiuze kinachokuingizia. Bei za vyombo hushuka siku ileile kazi zinapokatika, kwa sababu kila mtu anauza. Mpangilio wa kuuza: kwanza kilicho mara mbili (gitaa la akiba, jozi ya pili ya stendi), kisha taa za jukwaani, mwisho spika. Mikisa na kinanda viwe vya mwisho kabisa.

Kukodisha kuna nafuu zaidi. Mwaka ule ibada hazikusimama, kwa hiyo kanisa lililowatoa waumini nje ili wakae mbalimbali lilihitaji spika mbili na maiki kila Jumapili. Agosti 26 kampeni za uchaguzi zikaanza mpaka Oktoba, mitambo ikawa dhahabu. Masharti hayabadiliki: chombo hakitoki bila fundi wake, namba za nyuma ya kila kifaa zipigwe picha mbele ya mkodishaji, mafuta ni juu yake, na malipo ni ya siku, asubuhi, kabla waya haujafunguliwa. Kampeni ya "tutamalizana mwisho" haina mwisho.

Mzalishaji, Uyole
Kurekodi mkiwa mbalimbali kunawezekana kwa simu za kawaida, ila watu wanakosea mahali palepale kila siku.

Mmoja atengeneze wimbo wa mwongozo: kliki (mlio wa kushika kasi), kinanda chepesi, sauti ya kuongoza. Mwanzoni kuwe na milio minne ya kuhesabu. Kila mwingine asikilize mwongozo kwa sikio moja, arekodi kwa simu ya pili. Headphone ziwe za waya. Za bluutuu huchelewa kwa sehemu ya sekunde; haisikiki ukisikiliza tu, lakini mpiga besi anajikuta nyuma ya dramu wimbo mzima, na hakuna kuhariri kutakakomwokoa.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, programu ya kurekodi iwekwe WAV (faili la sauti lisilobanwa), mono, biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde, na wote waweke hivyohivyo. Mmoja akileta ya 44,100 na programu ikaisoma kama 48,000, gitaa lake linapanda karibu robo tatu ya toni na kukimbia, kisha mnaanza kugombana nani hakutuni. Gitaa kavu: simu sentimita 25 kutoka chuma cha kumi na mbili, isitazame tundu, tundu linavimbisha besi. Mwimbaji aiweke pembeni kidogo ya mdomo, ili P na B zisipige upepo. Nyuma yake pawe na godoro limesimamishwa au blanketi mbili za Iringa, zile nzito. Chini ya bati usirekodi mvua ikinyesha, hata manyunyu. Saa kumi alfajiri panakuwa na utulivu, kabla ya jogoo na bodaboda.

Dakika tano kwa mtindo huo ni kama megabaiti 43. WhatsApp ukiituma kama sauti inabanwa na kuharibika. Tuma kama faili. Jina liandikwe: wimbo, chombo, kasi. "Audio 004" nne kutoka kwa watu wanne ni adhabu.

Malipo ya mteja: nusu kabla ya kazi, nusu kabla ya kutoa faili la mwisho. Nakala ya kuonja unayomtumia iwekee mlio kila sekunde 20.

Mpiga besi, Mafinga
Na matangazo ya moja kwa moja mtandaoni?

Mzalishaji, Uyole
Piga hesabu kwanza. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa. Picha nzuri ya 2.5 inapita gigabaiti moja. Hiyo ni ya kupandisha tu. YouTube hairuhusu simu kurusha mubashara kama chaneli haina wafuatiliaji 50, na ukiiwasha mara ya kwanza inachukua mpaka saa 24, kwa hiyo usiwashe siku ya onyesho. Hela za matangazo ya biashara ni habari nyingine kabisa: wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kinacholipa huku ni namba ya tuzo kwenye skrini na MC anayejua kutaja majina ya watu wa Mbarali na Kyela waliotuma. Na angalieni masharti ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) kuhusu maudhui ya mtandaoni kabla chaneli haijawa "televisheni".

Mwalimu wa kwaya, Njombe
Shikamooni wakubwa. Kwaya ndizo zilizobaki na kazi, na ndizo zenye hatari kubwa. Tarehe 10 Machi 2020 kwaya moja ya Kaunti ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwepo 61, waliougua ni 53, kati yao 33 walithibitishwa kwa vipimo, wawili wakafariki. Kuimba kunatoa matone madogo mengi kuliko kuongea, na chumba kilichofungwa kinayatunza.

Njombe tatizo ni baridi. Mazoezi ya saa kumi na mbili jioni mwezi wa Julai, madirisha yote yanafungwa. Hamisheni yawe Jumamosi saa nne asubuhi, nje, kila sauti peke yake: soprano dakika 30, wanaondoka, alto wanaingia. Kuunganisha sauti zote kufanyike mara moja tu, dakika 30, hatua mbili kati ya mtu na mtu. Maneno wafundishwe kwa sauti iliyorekodiwa, wasije kuyajifunzia pale.

Maiki ni za kushirikiana, kwa hiyo: fungua wavu wa kichwa kwa kuuzungusha kushoto, toa soponji ya ndani, vyote vioshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Vikauke kabisa. Mwili wa maiki ufutwe kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70. Usipulizie spiriti ndani. Ule utando unaopokea sauti ni plastiki nyembamba sana na ukikunjamana hauna fundi. Nafuu kila mwimbaji awe na soponji yake ya kuvalisha juu, aende nayo nyumbani.

Mpiga besi, Mafinga
Asante mwalimu. Kwa wanaokimbilia shamba: viazi mviringo ni siku 90 hadi 120, na mbegu ya ekari moja ni kama kilo 800, kwa hiyo anza na robo ekari. Parachichi la kubebeshwa linataka karibu miaka mitatu, haliwezi kulipa kodi ya mwezi ujao, hata vijana waambiane vipi. Mkono wa jembe huota sugu kwenye kiganja, zile za ncha za vidole zinalainika; vaa glavu, na dakika 20 za gitaa kila jioni, la sivyo kazi ikirudi utapiga saa moja tu vidole vinawaka.

Mpiga solo, Mwanjelwa
Na ile mikopo ya halmashauri?

Katibu wa bendi, Iringa mjini
Ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba. Wanawake na vijana hukopeshwa kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Si hela ya dharura, inachukua muda. Sajilini kikundi wakati kazi zipo, na andiko liseme "kukodisha mitambo", maana lazima lionyeshe marejesho ya kila mwezi, na harusi hazilipi kila mwezi. Msiandike jina la mpigaji wa kuazima ili kujaza idadi. Akihamia Tunduma deni lake mnalilipa nyinyi.