Kiungulia na kichefuchefu, daktari ni Alhamisi ijayo: nianze omeprazoli?

MamaChipsi_Moro
Habari zenu. Nina miaka 34, nauza chipsi Msamvu, Morogoro. Wiki ya tatu hii kiungulia kinanichoma kuanzia chembe cha moyo hadi kooni. Nikiinama kupepea mkaa, maji machungu yananipanda mdomoni. Asubuhi nikipiga mswaki kichefuchefu kinanishika mpaka machozi yananitoka. Banda nafunga saa tano usiku, nikifika nyumbani nakula chipsi zilizobaki na kachumbari, nalala. Maziwa baridi yananipoza kidogo tu, kisha moto unarudi. Daktari nitamwona Alhamisi ijayo. Jirani kaniambia nianze omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, leo leo. Naogopa nisije nikafika nimejivurugia vipimo.

Mfamasia_Mtaani
Pole sana dada. Hofu yako ina msingi. Daktari akitaka kupima H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, kwa choo au kwa pumzi, omeprazoli inatakiwa iwe imeachwa wiki 2 kabla. Inawapunguza wale bakteria, kipimo kinaweza kusema hawapo kumbe wapo. Kama unaweza kuvumilia, usianze. Tafuna vidonge vya maginesiamu vya kutuliza kiungulia baada ya kula na wakati wa kulala, ila inaweza kukulegeza tumbo.

Sasa nijibu: unameza dawa zozote za maumivu? Siku zako zimekuja? Choo kina rangi gani?

Mzee wa Kihonda
Mwanangu, hayo maji machungu nayajua, yamenitesa miaka. Mito mirefu haikunisaidia, inakunja tumbo tu. Nilichofanya ni kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kitanda kizima kikainuka kama shibiri moja. Nalalia ubavu wa kushoto. Na chakula cha usiku nakula saa moja, nikipanda kitandani saa nne tumbo limeshashusha. Wewe kula mapema pale pale bandani kabla wateja hawajajaa, wali kidogo au ndizi za kuchemsha. Kachumbari ya pilipili na ndimu iache kwanza.

MamaChipsi_Moro
Asante baba, matofali yapo uani, nitayaweka. Mfamasia, siku zangu zimekuja wiki iliyopita, na kipimo cha mimba nilipima, mstari mmoja. Dawa, nameza diklofenaki mbili kwa siku kwa ajili ya mgongo, mwezi sasa, mara nyingi kabla sijala. Choo ni cheusi tangu juzi, kinanata, nikadhani ni matembele.

Mfamasia_Mtaani
Dada, acha diklofenaki sasa hivi na usisubiri Alhamisi. Matembele hayafanyi choo kinate kama lami. Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kukifanya cheusi, lakini hujasema unavimeza. Diklofenaki inachubua tumbo, na choo cha namna hiyo mara nyingi ni damu iliyovuja huko juu tumboni. Nenda hospitali usiku huu, idara ya dharura, usiende peke yako. Beba pakiti ya dawa, na ukifika taja choo cheusi kwanza kabla ya kiungulia. Ukisikia kizunguzungu ukisimama, au ukitapika kitu kama unga wa kahawa, waambie hapo hapo.

Mzee wa Kihonda
Mwanangu umesoma? Tujibu.

MamaChipsi_Moro
Nimesoma. Nimezima jiko, nipo kwenye bajaji na mdogo wangu. Pakiti ninayo mkononi.