Nina wanafunzi 140, kwenye kundi la WhatsApp wanaojibu ni wale wale kumi

MkufunziArua
Wakuu, nafundisha kwa masafa walimu 140 wa shule za msingi wanaosomea diploma, hapa Uganda, kuanzia Koboko hadi Nebbi. Nikiweka swali kwenye kundi wanajibu wale wale kumi, kisha "asante mwalimu" arobaini zinalifukia. Nifanyeje?

TehamaLira
Uvivu si hoja hapa. Mbele ya umati wote huo nani anataka kukosea? Kundi kubwa ligeuze ubao wa matangazo: kwenye mipangilio, ruhusu wasimamizi pekee kutuma. Halafu gawa vikundi 20 vya watu saba, kiongozi abadilike kila wiki. Jumatatu tuma swali moja tu, linalodai kitu cha darasani kwake: "Piga picha ya zana unayofundishia sehemu za hesabu (nusu, robo), eleza kwa sauti ya sekunde 60." Ukiuliza "mmeelewa?" utapata "ndiyo" na basi. Alhamisi jioni kila kiongozi anakutumia muhtasari inbox, Ijumaa unajibu yote kwa pamoja. Ndani ya vikundi usitie neno mapema. Mwalimu akishasema, mjadala umekwisha.

Mwl_Soroti
Tena angalia MB zao. Sauti ya dakika tatu haifiki hata MB 1, video ya muda huohuo hula mara nyingi zaidi, na data ina ushuru wa 12% tangu Julai 2021. Wazime upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video. Kiungo cha YouTube nacho ni mtego: mwenye bando la mitandao ya kijamii tu hawezi kukifungua, na hatakwambia, atanyamaza. Notisi zitume kama hati ya PDF. Ukurasa uliopigwa picha hubanwa, maandishi madogo hayasomeki.

MkufunziArua
Na zile kura za WhatsApp, zinafaa kwa jaribio?

TehamaLira
Kwa kupanga saa ya kipindi, sawa. Kwa jaribio, hapana: majina ya waliochagua yanaonekana, kwa hiyo wanamsubiri yule hodari kisha wanamfuata. Telegram ina kura ya chemshabongo isiyoonyesha majina, na matokeo huyaoni mpaka uchague.

MkufunziArua
Asante ndugu zangu. Tisa wana simu za kitochi, hawamo WhatsApp.

Mwl_Soroti
Hao watumie swali lilelile kwa SMS, lisizidi herufi 160, la sivyo utatozwa mbili. Kila mmoja mweke kikundi kimoja na mwenzake wa shule ya jirani mwenye simu janja, amsomee majibu. Ila zamu ya uongozi usimruke.