Tupeane uzoefu: bibi wa Nyanda za Juu Kusini aliyekufumbua macho

Mnyalukolo: Kamwene wanajamvi. Jana nimekuta daftari la kisomo la marehemu bibi yangu, ukurasa wa kwanza umejaa herufi "a" zilizokandamizwa kwa penseli hadi karatasi ikatoboka. Alianza darasa mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, naye tayari alikuwa na wajukuu. Nani mwingine ana bibi wa namna hiyo?

Mwana wa Tukuyu: Umenikumbusha mbali, kaka. Wa kwetu naye alipitia kisomo, na aliyekiona cha moto ni karani wa kituo cha kuuzia majani ya chai. Siku moja bibi alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mshale umelala nyuma ya sifuri na kikapu bado hakijaning'inizwa?" Karani akasema majani yake ni magumu, akayakataa. Tulirudi nayo mvuani, nami nikiwa na miaka tisa nilijua kwamba ile ndiyo ada yangu. Tulipofika yalikwisha kupata joto na kuwa mekundu, akayamwaga migombani bila kusema neno. Mchumo uliofuata alikwenda na wajomba wawili waliobeba mfuko wa saruji wa kilo 50, ungali umeshonwa, akaomba upimwe mbele ya foleni nzima. Mshale ukasimama kwenye 43. Wanawake wakaketi kando ya vikapu vyao, wakagoma kupimiwa hadi ulipoletwa mzani mwingine.

Mtoto wa Makete: Kwetu ilikuwa pareto, lakini karani ni yule yule.

Fundi wa Mwanjelwa: Saruji hushika unyevu ikaongezeka uzito, kwa hiyo huenda aliibiwa zaidi ya hapo. Angepeleka lita 20 za maji.

Mwana wa Tukuyu: Kwa mlima ule, ndugu fundi, yangefika nusu.

Binti wa Njombe: Mbona hamumtaji Anne Makinda wa kwetu, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, 2010 hadi 2015?

Mnyalukolo: Tunamheshimu, dada, lakini yeye ameandikwa. Daftari hili lilikuwa chini ya gunia la maharage.

Mtoto wa Makete: Mlio na bibi hai, warekodini kwa simu.

Binti wa Njombe: Msithubutu! Wangu akiona simu huongea kama yuko kanisani. Menya naye viazi, atasema yote.

Fundi wa Mwanjelwa: Na ile saruji ilijengea nini?

Mwana wa Tukuyu: Sakafu ya choo. Hadi leo haijapasuka.