Mtu asiyekunywa pombe anaweza kusimama kaunta ya kokteli?

Binti_wa_Mto aliandika:

Hamjambo wana jukwaa. Ninahudumia meza kwenye hoteli moja hapa Jinja, karibu na mto. Siku za wiki tunapata wazungu wanaokuja kupanda mitumbwi kwenye maji makali, na wikendi wanajaa watu wa Kampala. Sasa meneja ametutangazia kwamba kaunta itaanza kuuza kokteli za maana, si ile waragi, pombe kali yetu ya Uganda, na soda tuliyozoea, na anataka mmoja wetu ajifunze. Hiyo nafasi naitaka kweli.

Tatizo ni kwamba mimi ni mlokole. Nyumbani hatunywi, na sina mpango wa kuanza. Halafu nimetazama video kwenye simu mpaka bando ikaisha: watu wanarusha chupa hewani, glasi zinatoa moshi, vifaa vinang'aa kama vya hospitali. Sijui nianze na nini. Kuna mtu anaifanya hii kazi bila kunywa? Na ni kazi ya kuishi nayo au ya kupitia tu? Msinitukane jamani.

Fundi_Bweyogerere alijibu:

Kwenye arusi ya Kana nani alikuwa kaunta? Nenda kafanye kazi nnyabo.

Kaunta_Kololo alijibu:

Dada, pole na kazi. Mimi ni mtu wa Arua lakini kaunta yangu iko Kampala, Kololo. Nilianza kabla ya korona. Baa zilipofungwa Machi 2020 nilirudi nyumbani nikauza vocha za simu mpaka zikafunguliwa Januari 2022. Kwa hiyo hilo la "kazi ya kuishi nayo" ninalijua kwa tumbo, nitalifikia. Tuanze na ulimi.

Kuonja ni kitu kimoja na kunywa ni kingine. Unachovya mrija kwenye kinywaji, unaziba tundu la juu kwa kidole, unadondosha matone mawili ulimini. Ukitaka unatema. Kila glasi inayotoka kaunta yangu imepimwa hivyo, na ningekuwa ninameza, saa nne usiku ningekuwa chini ya meza. Mtu anayekunywa kazini ulimi wake unakufa mapema: kila kinywaji anakiona kimepooza, anaongeza sukari, anaongeza ndimu, na wageni wa mwisho wanakunywa achari.

Unachotafuta kwenye yale matone ni mizani ya uchachu na utamu. Hiyo unaweza kujifunza bila tone la pombe. Nunua ndimu, chemsha shira ya sukari na maji sawa kwa sawa, iache ipoe. Weka kwenye kopo maji mililita 60, maji ya ndimu 30, shira 20, barafu tele, tikisa sekunde kumi hadi kumi na mbili, chuja, onja. Rudia kwa shira 15. Rudia kwa 25. Rudia tena ukitumia ndimu za muuzaji mwingine, maana hazifanani: za kijani ngumu zinauma, za manjano laini zimetulia. Fanya hivyo mpaka mwenzako akikuletea glasi tatu umefumba macho useme ipi ni ipi. Siku hiyo ondoa yale maji 60, weka romu, na hiyo ni daiquiri. Weka wiski, hiyo ni wiski ya uchachu inayouzwa dunia nzima. Margarita naye ni wa ukoo huohuo, ila utamu wake mwingi unatoka kwenye likeri ya machungwa. Watu wanakariri mapishi mia moja, kumbe mengi ni ukoo mmoja umebadilishwa nguo.

Kuhusu vifaa, usinunue kitu mpaka uwe na barafu. Nasema hivyo nikiwa na hasira kidogo, kwa sababu nimeona hoteli ikiagiza vikombe vya shaba kutoka nje wakati barafu yake inatoka kwenye friji moja na samaki. Barafu ndogo iliyoanza kuyeyuka inamwaga maji kwenye kopo kabla kinywaji hakijapoa. Unataka vipande vikubwa, vikavu, vilivyotoka kwenye baridi sasa hivi. Ukitaka vile vya kuona upande wa pili kama kioo, chukua boksi la plastiki la kubebea soda za baridi, lijaze maji, liweke kwenye friza bila kifuniko. Kuta zinazuia baridi, kwa hiyo maji yanaganda kutoka juu kwenda chini na hewa inasukumwa chini. Ukitoa, unakata ule ukungu wa chini unautupa, unabaki na tofali safi la kukata kwa kisu cha meno. Na mwambie meneja habari ya jenereta. Umeme ukikatika Jumamosi mchana, usiku huna kokteli.

Kutikisa na kukoroga: kikiwa na juisi, maziwa au yai, tikisa. Kikiwa cha pombe tupu, koroga kwa kijiko kirefu, taratibu, nusu dakika. Hapo ndipo kinaingia kinywaji changu mwenyewe nikikupenda nikakuandalia: negroni. Jini, Campari (ile likeri nyekundu chungu) na vermuti tamu, mililita 30 kila kimoja, barafu moja kubwa, ganda la chungwa. Ni kichungu kweli. Wageni wangu wengi wakionja mara ya kwanza wanakunja uso kama mtoto aliyepewa mwarobaini, halafu baadhi wanarudi wiki ijayo kukitafuta. Tamu tupu hainivutii. Vile vya rangi ya buluu navitengeneza kwa sababu ninalipwa. Na ule moshi wa kwenye video, mama, ni pambo tu.

Kitu kimoja cha kumpigania meneja: vermuti ni divai. Ina nguvu kidogo zaidi ya divai ya kawaida, lakini chupa ikifunguliwa inaanza kuharibika. Ikae kwenye friji na iishe ndani ya mwezi au miwili. Nilifanya kazi mahali ambapo ilikuwa inapambwa rafuni chini ya taa mwaka mzima, na bosi anashangaa kwa nini martini hazinunuliwi.

Usikubali pia mtu akudharaulie waragi. Wakubwa wetu walifundishwa kuionea aibu. Kulikuwa hata na sheria ya enguli, yaani waragi ya kienyeji, ya mwaka 1965 iliyokataza kutengeneza bila leseni, wanakijiji wakaendelea kukeneka gizani. Ile ya chupa yenye leseni ina ladha ya jini na inapokea matunda vizuri kuliko jini nyingi za bei mbaya. Mimi naitikisa na juisi ya nanasi la Kayunga, ndimu, na shira niliyochemshia mchaichai. Nanasi bichi likitikisika linatoa povu lenyewe, huhitaji ute wa yai. Mzungu analipigia picha, Muganda anacheka, wote wanaagiza la pili.

Ila waragi ya kienyeji isiyo na chapa usiilete kaunta, hata mtu akikuapia ni ya shangazi yake. Mwaka 2010 kule Kabale na Kamwenge watu wengi walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo ni sumu. Kwa macho na pua hutaitambua.

Sasa kazi yenyewe. Video hazionyeshi mchana. Mchana ndiyo kazi. Asubuhi niko soko la Nakasero nachagua pasheni zilizokunjamana, maana zile zinazong'aa ni chachu zaidi na hazina harufu. Halafu kukamua, kuchuja, kuchemsha shira, kubandika tarehe kwenye chupa, kufuta glasi moja moja uziangalie kwenye mwanga. Juisi ya ndimu ya jana simpi mtu. Usiku wenyewe ni saa chache za mbio, mgongo na miguu ndivyo vinavyolipa. Mshahara ni mdogo, bakshishi inapanda na kushuka na mwezi, na watu wa harusi wanalipa vizuri kuliko baa. Mimi ninaishi nayo. Wenzangu wengi wamepitia tu wakaenda Dubai au kwenye boda zao, siwalaumu.

Mama_Ajono alijibu:

Nawasoma nacheka. Mimi nauza ajono, pombe yetu ya wimbi, hapa Soroti, na mama yangu aliuza kabla yangu. Huyo kijana wa Kololo ameandika vizuri, lakini ameniruka. Wimbi langu linalowekwa chachu, kisha kukaangwa, kisha kuanikwa, kisha kuchachushwa tena na kimea, hiyo nayo si ufundi? Chungu kimoja katikati, mirija mirefu, maji ya moto unaongeza ukijua kiasi, ukizidisha wazee wanasema leo umetunywesha maji. Tena wanaonja bure kabla ya kulipa. Binti, nami siku za kazi sinywi. Nanusa. Mvuke wa chungu unakuambia kila kitu.

Kaunta_Kololo alijibu:

Mama shikamoo. Kweli nimekuruka, na hapo ndipo ninapojua nimekaa mjini. Ukiniruhusu siku moja nije nione unavyokaanga, maana ule moshi wa wimbi lililokaangwa nimekuwa nikiutafuta kwenye shira bila kuupata.

Mama_Ajono alijibu:

Njoo. Uje na sukari na sabuni.

Dada_wa_Zamu_ya_Usiku alijibu:

Wanaume wamesema ya glasi, mimi niseme ya mlangoni. Nimefanya kaunta Kabalagala na sasa niko Bugolobi, hapahapa Kampala. Binti, kabla hujajifunza kutikisa chochote, uliza mambo haya na yaandikwe: nani analipa usafiri wa kurudi ukitoka saa tisa usiku, bakshishi inagawanywa vipi na nani anaishika, na mgeni akikushika mkono nani anamtoa. Kama jibu la hilo la mwisho ni "mgeni ni mfalme", bakia mezani.

Na kutokunywa kwako usikuone kama kilema. Mgeni akisema "nikununulie moja", unamjibu tu umeokoka, amekwisha. Mimi ninayekunywa ndiye ninayehangaika kila usiku kutafuta uongo mpya.

Binti_wa_Mto aliandika:

Nawashukuru wote. Kaka wa Kololo, zoezi la ndimu nimelianza jikoni kwetu, wapishi wananiona nimepata kichaa. Mama wa Soroti, asante sana mama. Dada, la usafiri sikuwa nimeliwaza kabisa, nitauliza Jumatatu.

Swali moja limebaki. Wageni wetu wa wikendi wengi ni familia, nao ni walokole kama mimi. Wanakaa mezani na soda huku wenzao wanaletewa glasi za mapambo. Naweza kuwatengenezea nini kisicho na pombe ambacho si juisi tu? Meneja anataka orodha ya vinywaji vinne na mimi nilitaka kimoja kiwe chao.

Kaunta_Kololo alijibu:

Hapo umeniwahi, orodha nyingi za Kampala zinawapa watu hao soda yenye mwavuli na kuwatoza bei ya kokteli. Juisi tupu inachosha kwa sababu haina kitu cha kukupiga kooni. Pombe ilikuwa inafanya kazi hiyo, sasa tafuta kingine: tangawizi, majani ya chai yaliyokolea, pilipili manga, ganda la ndimu.

Kwa Jinja mimi ningefanya hivi. Loweka ukwaju kwenye maji ya moto, uuponde kwa mkono, chuja uwe mzito. Chemsha shira na tangawizi iliyosagwa pamoja na majani ya mujaja, yale ya harufu tunayotia kwenye chai, funika ipoe nayo, chuja. Mililita 45 za ukwaju, 25 za shira hiyo, 60 za chai nyeusi iliyopoa, chumvi kidogo kwa ncha ya kidole. Tikisa na barafu nyingi, mimina kwenye glasi ndefu, juu malizia na soda isiyo na sukari. Onja kwa mrija kabla ya kutoa, maana ukwaju wa mfuko huu si wa mfuko ule. Weka bei karibu na zile nyingine wala usiombe radhi, kazi ni ileile.

Na kwa wazungu wako weka kokteli moja ya kahawa. Espresso martini ilibuniwa London miaka ya 1980 na Dick Bradsell: vodka, kahawa kali, likeri ya kahawa. Wewe uko njiani kuelekea Mbale, tumia arabika ya Bugisu iliyokaangwa wiki hiyohiyo, tikisa kwa nguvu ikiwa bado ya moto ili povu lishike. Hiyo ni moja. Daiquiri ya pasheni ni ya pili, waragi na nanasi ya tatu, ukwaju wa walokole wa nne. Mpe meneja hizo nne, akitaka ya tano mwambie kwanza anunue friza.